Trafiki akikusimamisha, moyo wako unasemaje?

Kama wewe ni dereva na umewahi kusafiri kutoka Nairobi hadi Meru kwa kupitia Embu, basi yamkini hali hii unaijua vyema. Umetoka Makutano, umeyapita mashamba ya mpunga ya Mwea, umeuvuka mji wa Embu bila shida. Kutoka hapo barabara huanza kupanda na kushuka mabonde ya mito inayotoka Mlima Kenya, na kila baada ya muda mfupi kuna mji mdogo: maduka machache, steji ya bodaboda, akina mama wenye ndizi na maparachichi kando ya lami. Ghafla, kutoka nyuma ya mti au lori lililoegeshwa, anajitokeza askari wa trafiki mkono juu. Mwenzake ameshika ile kamera ya kupimia kasi. Unaonyeshwa nambari: 72. Wewe unaapa kwamba ulikuwa ukienda polepole.

Yanayofuata hayahitaji kusimuliwa. Leseni inachukuliwa, maneno yanatupwa huku na huku, dakika ishirini zinapita. Unapoondoka umekunja uso, mikono imeukaza usukani na moyo unadunda kana kwamba umepanda ngazi za ghorofa kumi.

Makala haya hayakusudii kumtetea askari wala dereva. Yanahusu moyo huo unaodunda, macho yaliyokufanya uamini ulikuwa ukienda polepole, na hatari inayokungoja katika nusu saa baada ya kuachiliwa, ambayo madereva wengi hawaifikirii kabisa.

Tuanze na malalamiko yenyewe, kwa kuwa hayakosi msingi. Madereva husema kwamba katika miji midogo mingi mabango ya kuonyesha kasi hayapo, au yaling'olewa yakauzwa kama vyuma kuukuu. Husema askari hupenda kukaa chini ya mteremko, mahali ambapo gari huongeza kasi lenyewe, badala ya kusimama mbele ya shule au soko. Husema pia, na hili hakuna asiyelijua, kwamba wako wanaosimamisha magari kwa ajili ya kitu kidogo wala si kwa ajili ya usalama wa mtu. Dereva aliyetoa pesa mara mbili tatu katika safari moja bila kupewa risiti hata moja hawezi kuambiwa asikasirike.

Mimi binafsi naamini askari anayeonekana waziwazi, amevaa koti lake linalong'aa, karibu na mahali watoto wanapovukia, huokoa watu wengi kuliko yule anayejificha. Aliyejificha humfunza dereva kuogopa kichaka. Siku atakapokikuta kichaka ni kitupu, au mwenzake anayekuja akimwashia taa kumjulisha kwamba mbele hakuna mtu, atakanyaga mafuta hata kama mbele kuna shule.

Lakini hata malalamiko hayo yote yakiwa kweli, nambari 50 haikubuniwa na askari wa Chuka wala wa Nkubu. Imo katika Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inayokataza gari lolote kuzidi kilomita 50 kwa saa ndani ya mji, manispaa au kituo cha biashara. Na iliwekwa kwa sababu za mwili wa binadamu, kama tutakavyoona.

MACHO YALIYOZOEA

Kwanza, ni kwa nini dereva huapa kwa dhati kwamba alikuwa polepole ilhali kamera inasema 72? Mara nyingi hasemi uongo. Amedanganywa na macho yake mwenyewe.

Ukiingia katika chumba chenye harufu kali, baada ya muda huisikii tena. Pua imezoea. Ubongo hufanya vivyo hivyo na mwendo. Ukikaa nusu saa katika kilomita 100 kwa saa, ubongo huuhesabu mwendo huo kuwa wa kawaida. Ukipunguza hadi 70, kila kitu huonekana kana kwamba kimesimama. Miti haipiti upesi tena, upepo umetulia, injini imenyamaza. Utasema unaenda 45. Dereva aliyetoka Nairobi akaanza na ile barabara kuu ya Thika, yenye njia nyingi, huwa ameyaharibu macho yake kabla hajafika Makutano.

Mambo mengine huzidisha udanganyifu huo. Anayeketi juu, kama vile katika basi, lori au gari kubwa la familia, huona ardhi ikipita polepole kuliko aliye katika gari dogo lililo karibu na lami. Vioo vikiwa vimefungwa na muziki uko juu, masikio nayo hayasaidii, kwani sauti ya magurudumu na upepo ni mojawapo ya njia ambazo ubongo hupimia mwendo. Usiku ni vibaya zaidi, kwa kuwa vitu vya kando ya barabara havionekani.

Dawa ya jambo hili ni rahisi, nayo ni kutoyaamini macho. Unapoona vibanda vya kwanza vya mji, angalia spidomita, kisha punguza gia na usubiri mpaka mshale ushuke chini ya 50. Utahisi kana kwamba unasukuma mkokoteni. Hisia hiyo ni ya kawaida na hutoweka baada ya muda. Spidomita nyingi hutengenezwa zionyeshe mwendo uliozidi kidogo ule wa kweli, kwa hivyo zinakulinda. Ila kama umebadilisha magurudumu ukaweka makubwa kuliko yale ya kiwandani, jambo linalopendwa sana na wenye magari ya kubeba mizigo mashambani, spidomita yako itasema 50 na wewe umepita hapo. Ugomvi mwingi na kamera huanzia kwenye magurudumu hayo.

MITA THELATHINI

Sasa tuchukue mfano mmoja. Ni siku ya soko. Mtoto anaingia barabarani mita 30 mbele ya gari lako. Lami ni kavu, breki ni nzuri, na wewe uko macho, hivi kwamba mguu wako unafika kwenye breki baada ya sekunde moja tu.

Ukiwa katika kilomita 50 kwa saa, gari litakwenda mita 14 hivi kabla hujakanyaga breki, na mita 14 nyingine likisimama. Jumla ni mita 28. Mtoto anabaki na mita mbili, na wewe unabaki na mshtuko.

Ukiwa katika kilomita 72, ile nambari uliyokuwa ukiibishia, gari litakwenda mita 20 kabla ya breki. Zimebaki kumi. Katika mita hizo kumi breki zitafanya ziwezalo, lakini gari litamfikia mtoto likiwa bado na mwendo wa takriban kilomita 58 kwa saa. Tazama vizuri hapo. Litamgonga kwa mwendo unaozidi ule ambao gari la kwanza lilikuwa nao kabla ya kugusa breki.

Wengi hudhani kwamba tofauti ya kilomita 20 kwa saa ni tofauti ndogo. Nguvu ya mgongano haiongezeki sawasawa na mwendo. Hukua kwa mraba wake, na gari linalokwenda 72 lina nguvu maradufu ya lile linalokwenda 50. Nguvu hiyo yote huishia katika mwili. Bampa huvunja mfupa wa mguu, mwili hurushwa juu ya boneti, kichwa hupiga kioo au lami. Ubongo, ambao ni laini kama ugali wa moto, husukwa ndani ya fuvu na mishipa yake midogo hukatika. Wengu na ini huweza kupasuka bila jeraha lolote kuonekana nje, na mtu akaketi kando ya barabara akisema hajaumia, akafariki saa chache baadaye kwa kuvuja damu tumboni. Ndiyo maana aliyegongwa na gari hupelekwa hospitali hata kama anatembea.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba mtu mzima anayegongwa na gari lililo chini ya kilomita 50 kwa saa huwa na uwezekano wa kufa usiofika asilimia 20. Kwa kilomita 80 kwa saa, uwezekano huo hukaribia asilimia 60. Kwa watoto na wazee hali ni mbaya zaidi. Isitoshe, mtoto wa shule ya msingi hana uwezo kamili wa kukadiria kasi ya gari linalomjia. Huona gari liko mbali akadhani ana nafasi. Ukimlaumu kwa kuvuka vibaya, unamdai kitu ambacho ubongo wake haujakomaa kukifanya.

Katika Kenya, takwimu za mamlaka ya usalama barabarani, NTSA, zimeonyesha vifo vinavyozidi 4,000 kwa mwaka katika miaka ya karibuni, na kundi kubwa zaidi la wanaokufa ni watembea kwa miguu, wala si walio ndani ya magari.

MWILI UNAPOKASIRIKA

Turudi kwako, umesimama kando ya barabara na leseni yako iko mkononi mwa mtu mwingine. Je, ndani ya mwili kunatokea nini?

Tezi mbili ndogo zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo huongeza mapigo. Mishipa ya damu hukaza, na presha hupanda. Ini hutoa sukari iliyokuwa imehifadhiwa ili misuli ipate nguvu. Mboni za macho hupanuka, mdomo hukauka, viganja hutoa jasho. Mwili unajitayarisha kupigana au kukimbia, kama alivyofanya babu yako alipokutana na chui katika msitu wa Mlima Kenya. Tofauti ni kwamba wewe huruhusiwi kupigana na afande, wala kukimbia. Umeketi tu, na maandalizi yote hayo hayana kazi.

Mtu mwenye afya njema hupita katika hali hii bila madhara makubwa. Lakini wako madereva wengi wa umri wa miaka 45 na kuendelea wenye presha wasiyoijua, kwa sababu ugonjwa huo hauna dalili. Kwa mtu ambaye mishipa ya moyo wake imekwisha kuwa myembamba, ghadhabu kali yaweza kuwa cheche. Uchambuzi wa tafiti kadhaa uliochapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba katika saa mbili baada ya mtu kulipuka kwa hasira, uwezekano wa kupatwa na shambulio la moyo hupanda karibu mara tano kuliko wakati mwingine. Kwa kijana mzima uwezekano huo ni mdogo mno hata ukizidishwa mara tano. Kwa mwenye presha, sukari na sigara, si mdogo.

Ukihisi kifua kimebanwa kama kwamba mtu amekikalia, au maumivu yanayopanda shingoni, kwenye taya au kushuka mkono wa kushoto, ukatokwa na jasho baridi, usiendelee kuendesha gari hata kilomita moja. Mwambie huyo huyo askari uliyekuwa ukigombana naye. Hospitali hazikosekani katika barabara hii: ziko Embu, Chuka, Chogoria, Nkubu na Meru mjini.

Wenye ugonjwa wa sukari wana jambo lao. Kama umejidunga insulini au umemeza dawa asubuhi ukitarajia kula Meru saa saba, na kizuizi kimoja kikakuchelewesha, kingine vilevile, sukari yaweza kushuka mno. Dalili zake ni kutetemeka, jasho, maneno yasiyoeleweka na ukali usio na sababu. Askari akikuona hivyo atadhani umelewa, na pengine hata wewe utadhani ni hasira tu. Weka peremende au soda ndani ya gari, mahali unapofikia bila kushuka.

Watu wengi huniambia kwamba askari wa trafiki wamewapa vidonda vya tumbo. Hapana. Vidonda vingi huletwa na bakteria iitwayo Helicobacter pylori, na vingine na dawa za kutuliza maumivu zinazomezwa ovyo. Hasira huweza kuzidisha kiungulia na maumivu ya aliye navyo tayari. Nenda ukapimwe bakteria, kwani inatibika.

NUSU SAA YA HATARI

Adrenalini huondoka katika damu baada ya dakika chache. Lakini homoni nyingine ya msukosuko, kotisoli, hufikia kilele chake dakika ishirini au thelathini baada ya kisa chenyewe. Maana yake ni kwamba unapokabidhiwa leseni na kuondoka, mwili wako bado uko vitani.

Dereva wa namna hiyo hutazama mbele tu, kana kwamba anachungulia kupitia bomba. Haoni baiskeli inayoingia kutoka kushoto. Akili yake iko nyuma, ikirudia maneno aliyoambiwa na yale ambayo angalisema. Na juu ya hayo yote ana dakika ishirini za kufidia.

Hebu tupige hesabu ya kufidia huko. Chukua kilomita 60 zilizobaki mbele yako. Ukienda 80 kwa saa, utazimaliza kwa dakika 45. Ili uzirudishe zile dakika ishirini zote, itakubidi uzimalize kwa dakika 25, yaani uende wastani wa kilomita 144 kwa saa, katika barabara yenye kona, matuta, matrekta na ng'ombe. Haiwezekani. Utajaribu tu, na kujaribu ndiko kunakoua.

Kuna hesabu nyingine pia. Mji wenye urefu wa kilomita mbili ukiupita kwa 80 badala ya 50, umeokoa sekunde 54. Miji kumi kama hiyo ni dakika tisa. Kizuizi kimoja kinakula zaidi ya hizo.

Jiografia ya sehemu hizi haisamehe. Kati ya Embu na Meru barabara huteremka katika mabonde ya Thuchi, Nithi na Mutonga, kila bonde likiwa na mteremko mrefu, kona, na daraja chini yake. Jioni ya tarehe 24 Julai 2022 basi lililotoka Meru likielekea Mombasa lilitumbukia katika bonde la Nithi, na zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Baada ya ajali hiyo breki zilitajwa, na umbo la barabara yenyewe likatajwa. Sisemi kwamba hasira ilikuwamo. Nasema kwamba hapo ni mahali ambapo hata gari zima na dereva mtulivu huhitaji tahadhari. Breki zinazokanyagwa mfululizo katika mteremko hupata moto na kupoteza nguvu, na dawa yake ni kuingiza gia nzito juu kabisa, kabla hujaanza kushuka. Dereva aliyekasirika husahau jambo hilo la gia kwanza.

MIRAA NA USUKANI

Haiwezekani kuandika kuhusu mwendo wa Meru bila kutaja miraa. Wakazi wa Nyambene huishi kwayo, ni halali katika nchi yetu, na imesomesha watoto wengi. Kemikali yake kuu, kathinoni, huanza kupungua nguvu mara tu tawi linapokatwa, na baada ya siku mbili hivi haina ladha kwa mlaji. Ndiyo sababu magari yanayotoka Maua na mizigo iliyofungwa kwa majani ya mgomba hukimbia kuliko ambulensi. Mwendo huo una sababu ya kibiashara, na faini pekee haijaweza kuushinda.

Linalohusu ukurasa huu ni dereva anayeitafuna akiwa kwenye usukani ili asisinzie. Kathinoni ni ndugu wa amfetamini. Hupandisha mapigo ya moyo na presha, tena kwa njia inayofanana sana na ile ya adrenalini. Kwa hivyo dereva huyo anaposimamishwa, hasira hupanda juu ya mwili ambao tayari umepandishwa. Huwa mwepesi wa ugomvi, na hujiamini kuliko uwezo wake. Kisha baadaye, miraa inapomwishia mwilini, usingizi ulioahirishwa humjia kwa ghafla pamoja na unyonge. Kinachoondoa usingizi ni usingizi wenyewe. Dakika ishirini za kulala ndani ya gari lililoegeshwa mahali salama hufanya kazi kuliko kilo nzima ya miraa.

UKISIMAMISHWA

Ingiza gari kando kabisa ya lami, uzime injini, uvute breki ya mkono. Kabla hujafungua kioo, toa pumzi polepole mpaka iishe, uvute nyingine, utoe tena polepole. Fanya hivyo mara nne. Kutoa pumzi kwa muda mrefu huamsha mshipa wa fahamu unaopunguza mapigo ya moyo, na hakuna dawa ya bei nafuu kuliko hiyo.

Kisha salimu. "Habari ya kazi, afande" haikupunguzii haki yoyote. Omba uonyeshwe nambari kwenye kamera. Ukikiri, kiri kwa maneno machache. Kama hukubaliani, huna haja ya kupiga kelele barabarani, kwani mahakama ipo. Sheria hairuhusu mtu atiwe hatiani kwa mwendo wa kasi kwa maoni tu ya shahidi mmoja. Kifungu cha 49 cha Katiba nacho kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini peke yake, au kifungo kisichozidi miezi sita. Kanuni za mwaka 2016 kuhusu makosa madogo ya barabarani ziliweka viwango hivi: ukizidisha kwa kilomita moja hadi tano ni onyo, sita hadi kumi ni Sh500, kumi na moja hadi kumi na tano ni Sh3,000, na kumi na sita hadi ishirini ni Sh10,000. Mwenye 72 katika eneo la 50 amezidisha kwa 22, kwa hivyo amevuka viwango hivyo vyote. Kuyajua haya mapema hutuliza moyo. Sehemu kubwa ya msukosuko hutokana na kutojua litakalofuata.

Na hongo? Anayetoa ana kosa sawa na anayepokea chini ya sheria ya mwaka 2016. Kwa upande wa afya, nimeona kwamba anayetoa huondoka na hasira mara mbili: kwa aliyempokonya, na kwa nafsi yake.

Ukishaachiliwa, usiondoke papo hapo. Shuka, tembea kuzunguka gari mara kadhaa, kunywa maji. Mpigie simu anayekungoja umwambie utachelewa kwa nusu saa. Simu hiyo moja huondoa ile haja ya kufidia muda, kwani ahadi uliyokuwa ukiikimbiza imebadilika.

Kwa madereva wa matatu na mabasi hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa mwenye gari anangoja hesabu yake jioni na kondakta anaona kila dakika kama pesa. Tangu kanuni za Waziri John Michuki zilipoanza kutumika Februari 2004, magari ya abiria yanatakiwa yawe na kidhibiti mwendo kisichoruhusu kuzidi 80. Lakini kidhibiti kizima kabisa kitakuacha upite 80 katikati ya soko la Nkubu. Hakijui soko. Hapo abiria ana kazi. Abiria wengi hulalamika wakishafika, au humlaumu askari kwa kuwachelewesha, ilhali wao ndio walioketi saa mbili wakiutazama mshale. Mama mmoja akisema "Dereva, mwanangu, punguza", bila matusi, mara nyingi husikilizwa kuliko kelele za basi zima.

Nimalizie kwa jambo ambalo huulizwa mara nyingi na madereva wenye presha. Baadhi ya dawa za presha huongeza mkojo, na kwa hivyo siku ya safari ndefu wao huziacha nyumbani wasije wakasumbuka njiani. Hiyo ndiyo siku mbaya kuliko zote ya kuziacha, kwa kuwa ndiyo siku utakayokutana na jua, foleni na kamera. Mkojo mwingi huja katika saa chache za kwanza baada ya kumeza. Muulize daktari au muuguzi wa kliniki yako kama yawezekana, siku hiyo, uimeze mapema zaidi au baada ya kufika. Kama lazima uimeze asubuhi, imeze, na upange kusimama Embu na Chuka, ambako vituo vya mafuta vina vyoo.